Mluzi wa Koinet

Bartolomeo Tluway alizaliwa Mbulumbulu, juu kabisa, pale shamba la mwisho la ngano linapogusana na mti wa kwanza wa msitu. Utotoni aliugua macho. Yalivimba, yakatoa usaha, na mama yake akayaosha kwa maji ya chumvi miezi miwili. La kulia likapona. La kushoto likabaki na utando, kama ukungu wa Julai usiotaka kuondoka. Tangu hapo alizoea kuinamisha kichwa, sikio la kushoto mbele, kama kuku aliyesikia mwewe. Wageni walidhani ni unyenyekevu, kumbe ndiyo ilikuwa namna yake ya kutazama.

Mwaka 1969 alipata kazi ya ulinzi wa msitu. Walimpa koti la kijani, panga, na buti zilizompwaya. Wenzake walitembea wakitafuta nyayo na visiki vibichi. Yeye alitembea akisikiliza. Shoka likipigwa bondeni aliweza kusema linakata mti gani, mtarakwa au mzeituni wa porini, na kama mkataji amechoka. Ndege ndio usiseme. Kwarara akilia juu ya mawingu, hondohondo akipasua anga kwa mbawa zake, hata kile kindege cha majani ambacho hakuna aliyewahi kukiona, Bartolomeo alikitaja bila kusimama. Mlinzi mwenzake, Piusi, mtu wa Rhotia mwenye mdomo usiolala, alimbatiza jina Redio.

"Redio, leo habari gani?"

"Mvua kesho kutwa. Na wewe umekula vitunguu."

Jina likashika. Hata Bwana Misitu, Martini, mkuu wao wote, alilitumia akiwa amefurahi. Watalii na wataalamu wakija alimwita mbele, akampiga begani. "Huyu ndiye Redio yetu. Haikosei." Bartolomeo aliangalia chini, akitabasamu. Alilipenda neno lile kuliko koti na kuliko mshahara. Mtu ambaye utotoni aliitwa kipofu, kuitwa asiyekosea ni asali.

Kati ya ndege wote alimpenda mmoja, kurumbiza. Jina hilo alilipata kwa mwalimu mmoja wa pwani aliyefundisha Karatu. Ni ndege mdogo, kifua cha rangi ya chungwa lililoiva, uso mweusi, na mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi ya mzee. Ana wimbo wake, lakini hatosheki nao, huiba za wenzake. Utamsikia akilia kama kwarara, mara kama tai, mara kama kifaranga aliyepotea, yote kutoka kichaka kimoja. Bartolomeo alipenda kuwachekesha wageni kwa kisa hicho. "Huyu ni mwizi," alisema, "lakini hajawahi kufungwa."

Upande wa pili wa msitu, kuelekea Nainokanoka, kulikuwa na boma la Koinet, Mmasai wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, mwenye pengo la meno ambalo mluzi wake ulipitia. Kila alfajiri aliwashusha ng'ombe kwa njia ya ukingoni mwa msitu hadi kijitoni. Njia ile iliruhusiwa. Kuingia ndani ya msitu hakukuruhusiwa. Wachungaji wa huko kila mmoja ana mluzi wake, na ng'ombe humjua mwenyewe kwa huo. Wa Koinet ulikuwa hivi: sauti tatu zinazopanda, moja ndefu inayoshuka, kisha mbili fupi za haraka. Walinzi walipokuwa kambini upande ule, Bartolomeo aliamka kwa mluzi huo kama wengine wanavyoamka kwa kengele ya kanisa. Mara nyingine Koinet aliwaletea maziwa.

"Mzee wa masikio," alimwambia, "nimepita saa ngapi leo?"

"Umechelewa. Na ng'ombe mmoja anachechemea."

Koinet alicheka hadi pengo likaonekana lote. "Wewe ungekuwa fisi, tungekwisha."

Kiangazi cha mwaka 1982, mwezi wa Septemba, msitu ulikuwa mkavu hadi majani yalilia chini ya buti. Asubuhi moja Bartolomeo alikuwa peke yake kwenye mgongo wa kilima, juu ya korongo ambalo mifugo ilikatazwa kuingia. Kutoka chini, ndani kabisa, akasikia mluzi. Tatu zinazopanda. Moja ndefu. Mbili fupi.

Akasimama. Koinet kaingiza ng'ombe korongoni? Alipaswa kushuka akaone. Lakini mteremko ni mkali, magoti yalimuuma, na mtu akisharidhika na sikio haoni haja ya miguu. Akasema moyoni, nitamkanya kesho. Akaendelea na safari.

Saa sita mchana moshi ulipanda kutoka korongo lile.

Moto uliwaka siku mbili. Ulikula mitarakwa iliyokuwa mizee kabla ya Wajerumani, ukala mizinga ya nyuki ya watu wa Mbulumbulu, ukaishia kwenye mwamba. Hakufa mtu. Lakini wakubwa walitaka jina, na Martini alipowauliza walinzi nani alionekana kule, Bartolomeo akasema, "Hakuonekana mtu, Bwana. Alisikika. Koinet."

Ilikuwa inajulikana kwamba wafugaji huchoma nyasi kavu ili zichipue mpya. Hiyo ikawa sababu, na sikio la Bartolomeo likawa ushahidi. Mahakamani hakimu alimuuliza kama mluzi unaweza kumtambulisha mtu. Akaupiga palepale, kwa midomo yake mwenyewe, na Wamasai waliojaa nyuma wakageuka wote kumtazama Koinet. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

"Una hakika?"

Martini alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono imekunjwa, akimtazama kwa fahari, kama baba kwenye mahafali. "Nina hakika," akasema Bartolomeo.

Kitu kimoja hakukisema. Asubuhi ile ya Septemba, baada ya zile mbili fupi, mluzi ulikuwa na mkia. Kikwaruzo chembamba sana, kama mbegu zilizotikiswa mara moja ndani ya kibuyu kikavu. Koinet hakuwa na mkia huo. Mdomo wa mtu hauwezi kuutoa. Sikio la Bartolomeo liliusikia, likauweka pembeni, na alipokuwa amesimama kizimbani likamletea, kama mtumishi mwaminifu anayeleta barua. Hakuifungua. Kuifungua kulitaka aseme, "Kuna kitu sikukielewa," naye hakuwahi kusema hivyo mbele ya watu tangu avae koti lile.

Koinet akafungwa miezi minane. Alipotolewa nje ya mahakama alimpita Bartolomeo kwa karibu, hakumtukana. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Mzee, mimi sikupita huko."

Mwezi wa Novemba mwanamke mzee alitokea nyumbani kwa Bartolomeo, shuka lake limelowa hadi magotini. Alikuwa Naisenya, mama yake Koinet. Alikuwa ametembea tangu jua halijatoka, akaukata msitu wote kwa mguu uliovimba. Germana, mke wa Bartolomeo, alimpa kigoda na kikombe cha uji, akiomba radhi kwamba hauna sukari. Mwaka ule sukari ilikuwa hadithi. Mama akakiweka kikombe chini bila kukigusa.

"Wewe ndiye mwenye masikio?"

"Ndimi, yeyo." Alimwita mama kwa lugha yake, kwa heshima.

"Ulimwona mwanangu?"

"Nilimsikia."

"Sikukuuliza hilo."

Kuku walipita kati yao.

"Siku ile mguu huu ulikuwa unawaka," Naisenya akasema. "Koinet alikaa ndani ananikanda tangu usiku. Ng'ombe walipelekwa na mke wake, Nalotuesha. Nilimwambia hakimu, wakasema mama lazima amfiche mwanawe. Sawa. Lakini Nalotuesha ni mwanamke. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Sasa niambie, asubuhi ile nani alipiga?"

"Yeyo, mimi nasema nilichosikia."

"Basi nenda ukayaulize tena hayo masikio." Akainuka kwa kushika ukuta. "Mimi nitasubiri. Sina kazi nyingine."

Alipoondoka, Germana aliokota kikombe, akamwaga uji kwa kuku. "Baba Antonia," akasema bila kumtazama, "yule mama hakuja kudanganya. Mtu haji kudanganya kwa mguu ule."

"Unataka niseme nini?"

"Mimi sikuwepo. Wewe ndiye ulikuwepo."

Tangu siku hiyo, mazungumzo ya nyumbani yalipungua. Bartolomeo aliendelea na kazi, lakini alianza kuomba zamu za upande wa Rhotia, mbali na lile korongo. Piusi alimtania kwamba ana mwanamke huko. Akaacha atanie. Afadhali hilo.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, akaja Inosenti, kijana wa chuo kikuu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na kinasa sauti kizito alichokibeba kama mtoto mgonjwa. Alikuwa anarekodi nyimbo za ndege wa milimani. Alikuwa amelala siku nne kambini upande wa Nainokanoka, na sasa alitaka Redio amsaidie kuwataja aliowanasa. Wakakusanyika ofisini: Martini, Piusi na walinzi wengine wanne, chai ya rangi mezani. Inosenti akabonyeza.

Kanda ilipiga mvua kwanza, halafu ndege. Bartolomeo aliwataja mmoja mmoja, Inosenti akiandika, walinzi wakitikisa vichwa. "Haikosei," akasema Martini.

"Sasa huyu," Inosenti akasema, "huyu amenitesa. Nimemsikia asubuhi zote nne, ndani ya lile korongo lililoungua. Vitabuni hayumo. Sikiliza, mzee."

Tatu zinazopanda. Moja ndefu inayoshuka. Mbili fupi. Na mwishoni, wazi kabisa, mbegu zikitikiswa ndani ya kibuyu.

Koinet alikuwa gerezani mwezi wa sita sasa.

Bartolomeo alihisi damu ikipanda shingoni hadi kwenye masikio yale yale. Alimjua ndege. Alimjua kabla kanda haijanyamaza: mkia ule ni wa kurumbiza, ndio anaoutia mwishoni mwa kila anachoiba, kama mtu anayeweka alama yake kwenye mzinga. Mara ngapi alikuwa amewaeleza wageni? Mara ngapi walicheka? Miaka yote Koinet alipita njia ya ukingoni na mluzi wake, na hatua mia kutoka hapo mwizi mdogo alikaa kichakani akijifunza.

"Mzee?" Inosenti alisubiri, kalamu juu.

Walinzi wote walikuwa wanamtazama. Martini alikuwa anatabasamu, mkono tayari kumpiga begani.

"Simjui," akasema Bartolomeo.

Kisha Piusi akapiga meza. "Haya jamani! Leo Redio imekwisha betri!" Wakacheka wote, kwa upendo, kama watu wanaocheka mzee akijikwaa bila kuumia. Na hakuna hata mmoja kati yao, hata Martini, aliyewahi kuusikiliza mluzi ule vizuri, kambini wala mahakamani. Hakuna aliyeutambua mluzi. Angeweza kuliacha liishe hapo. Alikunywa chai yake hadi mwisho.

Jioni alikaa mlangoni. Germana alikuwa anachambua maharage. Bartolomeo akamwambia yote, isipokuwa jambo la mkia. Germana hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ulimjua ndege."

"Nilimjua."

"Ukasema humjui."

"Ndiyo."

"Na mtu ulisema unamjua." Akapuliza maganda. "Kesho nenda na yule kijana. Ukaone kwa macho. Lako moja na yake mawili, yanatosha."

Walikwenda. Safari ilichukua siku nzima, na alfajiri iliyofuata walikaa kwenye majivu ya korongo, majani mapya yakiwafika magotini. Mluzi ulitoka kichakani. Inosenti alifuta miwani kwa shati, akanong'ona, "Namwona. Kifua cha chungwa. Nyusi nyeupe. Mzee, ni kurumbiza tu! Mdomo unafunguka kabisa. Lakini huo wimbo kautoa wapi?"

Bartolomeo alikodoa jicho lake zima hadi likatoa machozi. Aliona doa la rangi ya chungwa, likipanda na kushuka.

"Kwa mtu niliyemfunga," akasema.

Martini alipoambiwa hakucheka wala hakukasirika. Alifunga mlango wa ofisi. "Tluway," akasema, akaacha lile jina la Redio, "Koinet amebakiza miezi miwili na kidogo. Ukinyamaza, anatoka hata hivyo. Ukisema, hakuna atakayetuamini tena katika kesi yoyote. Ya nini kujivua nguo barabarani?"

"Mama yake ananisubiri, Bwana."

"Anakusubiri wapi?"

"Ananisubiri tu."

Akaenda kwa hakimu, Inosenti akiwa na kanda. Alisema alikosea. Likaandikwa: shahidi alikosea. Barua zilipanda Arusha, zikashuka, zikapanda tena. Moto uliwashwa na nani, haijajulikana hadi leo. Koinet aliachiwa mwisho wa mwezi wa Mei, siku kumi na moja kabla ya siku yake. Siku kumi na moja tu. Bartolomeo aliikumbuka hesabu hiyo maisha yake yote, maana ndiyo iliyokuwa bei nzima ya ujasiri wake.

Wiki iliyofuata alirudisha koti la kijani na panga. Buti akabaki nazo, kwa sababu alikuwa na safari. Aliukata msitu kwa njia ya Naisenya, na karibu na boma aling'oa kishada cha nyasi mbichi, akakishika mkononi, kama Wamasai wanavyofanya mtu anapokuja kuomba amani. Alisimama langoni mwa boma. Watoto walikimbia kuita.

Koinet alitoka. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, na pengo lake lilionekana kubwa zaidi kwa kuwa mashavu yalikuwa yamepungua. Nyuma yake alikaa mama, mguu umenyooshwa juani. Koinet alizitazama nyasi, hakuzipokea.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bartolomeo akasema. "Nilikosea."

"Nimesikia. Walinisomea karatasi." Koinet alitazama upande wa msitu. "Juzi nilipita kijitoni nikamsikia huyo ndege wako. Ananiigiza vizuri. Lakini mwishoni anaweka kitu. Krrr, hivi. Mimi siweki."

"Ndiyo."

"Wewe una masikio kuliko mimi. Siku ile ya moto, kile kitu kilikuwepo?"

Hilo hakimu hakuliuliza. Martini hakuliuliza. Germana hakulijua. Ingetosha kusema hakikuwepo, na hakuna kiumbe duniani ambaye angemkanusha, isipokuwa ndege.

"Kilikuwepo," Bartolomeo akasema.

"Ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Mahakamani ulikumbuka?"

"Nilikumbuka. Walikuwa wananitazama. Nikaona aibu kusema kuna sauti siijui." Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hakukiinamisha ili asikie.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi mbele yao. Hakupiga mluzi. Aliwaita kwa majina, kwa sauti ya kawaida, na baadhi walisita langoni, wakimtazama kama mgeni.

"Gerezani," akasema hatimaye, "mtu akipiga mluzi anachapwa. Umenitoka. Nikijaribu, hewa inapita tu." Kisha akaelekeza kidevu kwenye zile nyasi. "Usiendelee kuzishika, zitanyauka. Mpe ndama."

Bartolomeo akamnyoshea ndama aliyekuwa amefungwa karibu. Ndama akala zote, akamlamba vidole. Hakuwahi kujua kama kule kulikuwa kukubaliwa au kukataliwa. Naisenya akamwita, akampa kibuyu cha maziwa. "Kunywa," akasema. "Njia ni ndefu, na wewe huoni vizuri." Akanywa amesimama. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi.

Alirudi Mbulumbulu kulima ngano na maharage. Watu waliendelea kumwita Redio, naye aliitika, kwa kuwa kukataa jina ni kuomba liulizwe. Lakini wageni walipoletwa kwake, na walikuja mara kwa mara katika miaka ile ya themanini, walimkuta na tabia mpya iliyowachosha. Ndege akilia, walimgeukia. Aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho, hata baada ya mwisho. Kisha alisema, "Nadhani namjua. Twende tukamwone." Na akawaongoza ndani ya miiba na matope, kwa ajili ya njiwa tu, akimshika mmoja wao mkono. "Wewe una macho. Niambie kifua chake rangi gani."

Kurumbiza wa korongoni alizaa, na watoto wakajifunza kwa baba. Mwaka 1986 au 1987 mmoja alivuka msitu, akakaa kwenye ua wa miti nyuma ya nyumba ya Bartolomeo. Kila alfajiri ya masika alipiga mluzi wa Koinet, tatu, moja, mbili, na mkia wake. Antonia, binti yake, alikasirika kwa niaba ya baba, akachukua jiwe.

"Mwache," Bartolomeo akasema kutoka kitandani. "Amalize."